Mzee Aliyelala Chini ya Turubai

Durban, tarehe 8 mwezi wa sita 2014

Wifi yangu Clementina,

Pokea salamu zangu kwa heshima, wewe na watoto, na majirani wa uani walionijua nikiwa bibi harusi. Sisi huku Sydenham tuko wazima. Baridi imeingia. Tina alikohoa wiki nzima, sasa amepona na amerudi kazini kwenye duka la simu. Mimi bado nashona mapazia kule Mobeni, na mgongo unaniuma upande ule ule unaoujua.

Naandika kwa sababu tukipigiana simu tunalia tu, na salio linakwisha kabla hajapatikana wa kusema neno. Jean-Bosco anakwenda Uvira kufuata vitenge, nimempa bahasha hii pamoja na sabuni.

Wifi, Tina amechumbiwa. Kijana anaitwa Bertrand, wazazi wake ni watu wa Bujumbura, tunasali pamoja. Walikuja wakaketi, tukaongea vizuri. Wanaomba harusi iwe mwezi wa kumi na mbili. Lakini mama yake aliitazama nguo yangu nyeusi, akanywa chai yake. Nyumba yenye matanga haichezi ngoma. Wewe unalijua hilo kuliko mimi. Kaka yako Zénon ametimiza mwaka na zaidi kaburini. Baba na mama hawapo, wewe ndiye mkubwa wa nyumba yao. Nakuomba neno lako, matanga yaondolewe.

Watu wa huku wananiambia, "Huguette, hapa ni South Africa, vua tu." Estella, yule Mrundi wa saluni, ananitania kila Jumamosi: "Mama Tina, hata kunguru ana kitambaa cheupe shingoni!" Nacheka naye. Lakini sitavua kwa mkono wangu mwenyewe. Kwetu dada wa marehemu ndiye anayemvua mjane. Wewe ulinishika mkono kuniingiza katika nyumba ile, nitasubiri mkono wako unitoe katika kilio hiki.

Nimekuwekea pia fotokopi ya picha ambayo kaka yako aliipenda. Ilikuwa ukurasa wa kalenda ya ofisini kwao Clairwood. Mwaka ulipoisha aliuomba, akakata tarehe na maandishi yote kwa mkasi, akautundika ukutani. Jumapili baada ya kanisa alisimama mbele yake na sahani mkononi akituuliza, "Leo umemwona nani?" Kila mmoja wetu ilibidi achague mtu mmoja kwenye picha na kusema anafanya nini. Nimetaka nawe uwe nayo.

Wako,
Huguette


Uvira, tarehe 19 mwezi wa saba 2014

Mama Tina,

Salamu zimefika, sabuni zimefika, na Jean-Bosco amefika amenenepa. Sisi tupo. Mvua ya mwisho ilibeba ukuta wa choo, tumeujenga tena. Samaki wa ndagala wamekuwa wachache sokoni, siku hizi nauza unga.

Habari ya Tina nimeisikia. Mwambie shangazi yake amefurahi. Huyo Bertrand ni mrefu? Zénon hakuwapenda wanaume wafupi, na yeye mwenyewe alikuwa mfupi.

Lakini Mama Tina, umeniletea picha gani? Niliifungua pale sokoni mbele ya wanawake wote, nikidhani nitaona uso wa kaka yangu. Naona turubai limefungwa kwenye mti. Naona mabenchi. Naona sufuria kubwa juu ya moto, kama chakula cha watu wengi. Naona mzee amelala chini ya turubai, mwanamke anamfunika nguo. Wengine wameshikana mikono wanazunguka. Giza kila mahali. Félicité, yule tunayeuza naye unga, akasema, "Hii iko kilio. Hata Wazungu banaliaka vile sisi!" Wote wakaanza kunipa pole upya, mmoja mmoja. Nikafunika unga wangu nikaenda nyumbani.

Mtu anamtumia wifi yake kilio cha watu asiowajua, kwa nini? Changu hakijanitosha?

Hilo lingine uliloniuliza nimelisoma.

Clementina


Durban, tarehe 10 mwezi wa nane 2014

Wifi yangu,

Pole kwa ukuta wa choo, na pole zaidi kwa siku ile ya sokoni. Huku hatujambo. Bertrand ni mrefu, anainama akiingia kwetu. Tina amenunua viatu vya harusi, anavivaa ndani ya nyumba ili vilegee.

Barua yako nilipoisoma nilicheka kwanza, halafu nikaona aibu, halafu nikaenda kusimama mbele ya ukuta niitazame picha kwa macho yako. Ni kweli. Turubai, mabenchi, sufuria, mtu amelala. Ningekuwa sokoni na wewe ningelia pia.

Lakini si kilio, wifi. Ni sikukuu ya kijijini huko Ulaya, miaka karibu mia mbili iliyopita. Maandishi aliyoyakata Zénon ndivyo yalivyosema. Kosa ni la mashine ya fotokopi, imemeza mwanga. Picha yenyewe imechorwa kwa kalamu, halafu ikapakwa wino wa kahawia uliozimuliwa na maji, kama chai ya rangi. Pale katikati penye mwanga mkali kuliko kote, mchoraji hakupaka kitu. Ni karatasi tupu. Aliiacha hivyo, akaweka giza pembeni, basi karatasi ikawa jua. Wachezaji wako ndani ya jua hilo. Mashine imekuletea majivu.

Chukua fotokopi yako, angalia miguu yao. Watu wa kilio wanaburuta miguu. Hawa kila mmoja ana mguu hewani. Yupo mtu amepanda juu ya pipa anapiga fidla, na kichwa amekiinamisha kwenye ubao wake kama anayesikiliza mlango. Sasa weka kidole kwenye kamba ya turubai uifuate. Inashuka mpaka kwa wachezaji. Fuata tawi la ule mti ulioinama, linaelekea hapo hapo. Na ile njia inayotoka kwenye mnara uliobomoka nayo inaishia hapo. Zénon ndiye aliyenionyesha. Alisema, "Uyu mutu alikuwa mujanja. Anakushika mukono na wewe hujui."

Jambo moja tulibishana. Mbingu imechukua zaidi ya nusu ya karatasi, na kushoto kuna wingu linalopanda. Watu wamekuwa wadogo kama punje za mtama. Mimi nilisema mchoraji hakuwapenda, ndiyo maana amewabana chini namna ile. Yeye akasema hapana, wanajua mvua inakuja, ndiyo maana wanacheza sasa. Tulibishana mpaka wali ukapoa, Tina akala peke yake.

Siku hizi naona jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Mbele kabisa, karibu na sisi tunaoangalia, kuna kivuli kizito cha mti, na ndani yake bibi kizee amekaa ametupa mgongo. Macho hayafiki kwenye ngoma bila kupita kwake. Mchoraji hakumficha na hakumfukuza. Nimekaa na bibi yule mwaka mzima, wifi, namheshimu. Sasa nataka kupita.

Ndiyo maana narudia ombi langu. Nisamehe kwa kukusumbua. Nitalirudia tena.

Wako,
Huguette


Uvira, tarehe 2 mwezi wa kumi 2014

Mama Tina,

Tumepata barua yako, iliingia maji njiani lakini inasomeka. Watoto wameanza shule. Bati la upande wa jikoni linavuja, fundi anasema kesho, kila siku kesho. Wazee wa ukoo hawajakutana. Mmoja anaumwa mguu, mwingine yuko Fizi. Neno la matanga halisemwi kwa haraka, hata kama kuna watu wanaonunua viatu.

Nimeangalia miguu. Sawa, iko hewani. Nimefuata kamba. Sawa. Félicité hataki kukubali, anasema hata kwetu kilio kikifika mwisho watu wanacheza, kwa hiyo miguu si ushahidi.

Nikuulize kitu. Yule mzee aliyelala chini ya turubai, una hakika amelala?

Clementina


Durban, tarehe 19 mwezi wa kumi 2014

Wifi yangu Clementina,

Nakusalimu. Tina anakusalimu. Pasta Josias alikuja kuniambia anaweza kuondoa matanga kanisani kwa maombi, Jumapili yoyote nitakayotaka. Nimemshukuru nimekataa. Wazazi wa Bertrand nimewaambia wasubiri, na kama ni mwaka ujao, basi ni mwaka ujao. Tina alilia kidogo, kisha akasema, "Mama, shangazi ni shangazi." Viatu ameviweka juu ya kabati.

Barua yako niliisoma nikiwa kwenye foleni ya taxi. Nikaiacha taxi ikaondoka, na iliyofuata nayo.

Yule mzee amelala. Nina hakika. Angalia goti lake la kushoto, limesimama. Mwenye usingizi anaweza kulala goti limesimama, likichoka linaanguka lenyewe. Kofia ameiweka usoni kwa mkono wake, na mkono bado umeishika. Mwanamke anayemfunika hamtazami yeye, anatazama ngoma, mdomo wazi. Angekuwa anafunika maiti, asingeweza kuangalia kwingine.

Zénon hakuwa na goti lililosimama, wifi.

Nadhani ndilo uliloniuliza. Kwenye simu hatukuweza. Acha nikuonyeshe kama tunavyoangalia picha, nani alikuwa wapi.

Kwanza, mimi na Estella tulimwosha wenyewe. Wenye kazi pale mochwari walitupa maji ya moto na kutuachia chumba. Juu ya jicho la kulia kulikuwa na lile kovu la mwiko uliompiga nao mkigombania ukoko. Nililipitishia kidole changu. Ni yeye. Si mtu mwingine. Tulimvika shati la kitenge ulilomshonea wewe. Kifungo cha juu kilikataa, nikakiacha wazi, hakupenda kubanwa.

Makaburi yako kwenye mteremko. Kaburi lake liko upande wa chini, udongo mwekundu walikuwa wameurundika kulia. Pasta Josias alisimama kichwani. Mimi nilikuwa miguuni, na Tina kushoto kwangu, ameshika viatu mkononi kwa sababu ya tope. Nyuma yetu watu wa kanisa, Wakongo na Warundi, wamechanganyika. Ng'ambo ya kaburi walisimama wenzake wa Clairwood, Wazulu, na ovaroli zao, walitoka zamu moja kwa moja. Wakaanza kuimba kwa Kizulu, sauti za chini, sikujua maneno lakini niliweza kupumua. Wafukiaji walipotaka kuanza, mkubwa wa hao wa Clairwood akawachukulia koleo mikononi. "No, baba," akasema, "huyu ni wetu." Wakafukia wao wenyewe, kwa kupokezana, mpaka mwisho.

Mwanga haukuwepo. Sitakudanganya kwamba jua lilitoka. Mawingu yalikuwa sawa kila mahali, hakuna mtu aliyekuwa na kivuli.

Na upande wa kichwani, mkabala na udongo, palibaki wazi. Mama mmoja wa kanisa alitaka kusogea pale nikamzuia kwa mkono. Nikamwambia, "Hapo ni pa dada yake."

Sasa umeona yote niliyoyaona mimi.

Jean-Bosco atakupa bomba la plastiki. Ndani yake kuna picha yenyewe, nimeitoa ukutani. Usiitazame usiku kwa taa, itazame mchana karibu na mlango, ili uuone ule mwanga. Sikuletei ili nikununue neno. Hata ukikataa, ni yako.

Nakusubiri.

Huguette


Uvira, tarehe 12 mwezi wa kumi na moja 2014

Huguette,

Bomba limefika salama. Jean-Bosco anasema alilipakata kutoka Lusaka, na mpakani askari walimtaka aeleze ni bunduki gani ile. Akawafungulia. Wakaitazama picha, mmoja akasema, "Hawa watu wamelewa," wakampitisha. Kwetu tuko wazima. Bati limezibwa.

Barua yako niliisoma nimefunga mlango. Félicité alinisikia kutoka nje nikilia, akaja kugonga, akaniita kama dada yake mkubwa: "Yaya, kuko nini?" Nikamwambia, kaka yangu amekufa. Akasema, "Yaya, si tangu mwaka jana?" Nikamwambia hapana, leo.

Akaingia. Akaosha vyombo vyangu vyote, hata visafi.

Nikuambie sasa. Baada ya ile simu ya mwaka jana, mtu mmoja hapa alisema huko mlipo maiti zinachanganywa, majina yanafanana, mtu anazikwa halafu wiki ijayo anapiga simu. Nilijua ni mtu wa maneno. Lakini nililishika neno lake. Kila namba nisiyoijua niliipokea mbio. Ningeondoaje matanga ya mtu ambaye pengine yuko njiani anakuja? Na wakati huo huo nimevaa nyeusi. Ndiyo, hata mimi. Kwetu dada anavua siku za kilio zikiisha, mimi sikuvua, sokoni wakaniita mjane wa kaka yake. Sikuweza kuamini na sikuweza kuvua. Usiniulize mambo hayo mawili yalikaaje katika kichwa kimoja.

Kovu ni la mwiko, kweli. Ukoko niliupata mimi.

Picha nimeitazama mlangoni mchana, kama ulivyosema. Mwanga upo. Nilisogea nikaugusa, ni karatasi tu. Mimi nimemwona mwanamke anayepuliza moto. Ngoma inapigwa nyuma yake na yeye hageuki, mashavu yamejaa. Wote mnasifu wachezaji, lakini yeye akigeuka watu watakula nini? Félicité bado anashikilia kwamba ni kilio. Tunabishana, wateja wanasubiri.

Sasa sikia neno langu. Wazee sikuwangoja. Niliwaendea nyumbani, yule wa mguu nilimkuta kitandani, yule wa Fizi nilimpigia simu, wote wamekubali. Siku ni Jumamosi, tarehe 29 ya mwezi huu, asubuhi. Jean-Bosco anakuletea kitenge. Nimekivaa wiki nzima na sikukifua, makusudi, kina jasho langu. Huo ndio mkono wangu. Atakayekuvua nyeusi na kukufunga kitenge ni Estella. Mrundi, Mkongo, sijali. Alimwosha kaka yangu, si mgeni tena. Mwenye maneno aniandikie mimi.

Saa hiyo hiyo na mimi nitavua, hapa uani, mbele ya watu wetu. Félicité ndiye atakayenivua. Nimemwonya asinitanie.

Harusi iwe mwezi wa kumi na mbili kama wakwe walivyotaka, Tina ashushe viatu vyake. Na usiniwekee nafasi wazi tena. Kwenye kiti changu mkalishe mtu mnene mwenye njaa, afanye kazi yake.

Siku hiyo ya tarehe 29 mtalia kwanza. Lieni vizuri, msiwaonee haya majirani. Kisha Pasta aombe, asizidishe. Kisha watu wale washibe. Ngoma ikianza watakutazama wewe, kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kucheza kabla ya mjane. Watakuwa wamekaa, wote, hata mama yake Bertrand, hata watu wa Clairwood kama mmewaita, na mwiteni yule mkubwa wao. Utaona haya. Utafikiri ni mapema.

Inuka.

Wifi yako,
Clementina